Uhalisia Pepe na Watu wa Kizuizini: Maoni Juu ya Istilahi

Katika kurasa hizi tumezoea kupima istilahi za benki, za udaktari na za ufundi wa magari. Mara hii tunakusudia kuchunguza kundi dogo la maneno linalokutanisha fani mbili zisizozoea kukaa pamoja: fani ya kompyuta, na historia ya watu waliofungwa kwa sababu za siasa. Maneno hayo yamekwisha kuanza kutumika, na mengine yametumika vibaya. Yakiachwa yazoeleke, itakuwa vigumu kuyang'oa.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Tangu mwaka 2018 jumuiya iitwayo Museum of British Colonialism, yenye wanachama Kenya na Uingereza, imeshirikiana na shirika la African Digital Heritage la Nairobi katika kutengeneza kwa kompyuta sura ya kambi ambamo serikali ya kikoloni iliwaweka watu wakati wa vita vya Mau Mau. Miongoni mwa kambi hizo ni ya Aguthi na ya Mweru, zote za Nyeri. Leo mahali palipokuwa kambi ya Aguthi pana shule ya sekondari ya wasichana ya Kangubiri, na palipokuwa kambi ya Mweru pana shule ya sekondari ya Mweru. Baadhi ya majengo ya zamani yamebaki, na wanafunzi hupita mbele yake kila siku. Watafiti walikwenda mahali penyewe, wakapima na kupiga picha, wakazungumza na wazee waliopitia kambi hizo, kisha wakayasimamisha majengo katika kompyuta kwa pande tatu, yaani kwa urefu, upana na kimo, hata mtazamaji akaweza kuyazunguka.

Msomaji atauliza, je, kwa nini kujitaabisha hivyo wakati serikali huandika kila kitu? Jibu ni kwamba mengi yaliyoandikwa yalichomwa moto kabla ya uhuru wa mwaka 1963, na mengine yakasafirishwa Uingereza na kufichwa. Mafaili yaliyokuwa yamehifadhiwa Hanslope Park hayakukubaliwa hadharani mpaka mwaka 2011, na hayo yalitolewa kwa nguvu ya kesi iliyofunguliwa London mwaka 2009 na wazee wachache wa Kenya. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Kwa miaka hamsini, basi, neno la mzee lilikuwa likishindana na ukimya wa karatasi. Hili ni la kukumbuka tunapofika kwenye istilahi, kwani hapa neno likikosewa linaweza kumrudisha shahidi pale pale alipokuwa kabla ya kusadikiwa.

Tuanze na istilahi iliyoenea zaidi, "uhalisia pepe". Inatumika kwa ule ufundi ambao mtu huvaa chombo usoni mfano wa miwani, akaona na kusikia mahali ambapo hayupo, kama kwamba yupo. Huenda walioiunda walifikiria upepo, kwa kufuata "barua pepe", nayo barua pepe imekwisha kukubalika na hatuna ugomvi nayo: barua inayokwenda kama upepo ni picha nzuri. Lakini uhalisia hauendi po pote. Aidha, mkulima wa mpunga anajua neno pepe kwa maana nyingine kabisa. Kwake pepe ni punje iliyotoka suke bila kiini, ganda tupu linalopeperushwa wakati wa kupepeta. Mwambie mkulima huyo kwamba ushuhuda wa babu yake umewekwa katika "uhalisia pepe", naye atauliza kama babu alisema uongo. Kwa mchezo wa watoto istilahi hiyo inaweza kuvumiliwa. Kwa kambi ya Mweru haivumiliki, maana waliokanusha yaliyotendeka kambini walikuwa wakisema hivyo hivyo, kwamba maneno ya wazee ni makapi.

Wengine wamependekeza "teknolojia zamishi" kwa ule ufundi wa kumfanya mtazamaji ajione yu ndani ya picha. Umbo lake ni sahihi kisarufi. Lakini kuzama kwa Kiswahili ni kwenda chini na pengine kutorudi. Kinachozama ni jahazi, na kinachotafutwa baada ya kuzama ni maiti. Hata tunaposema mtu amezama katika mawazo tunamhurumia kidogo. Mtazamaji wa kambi hizi hazami. Amezingirwa na picha pande zote, juu na chini, na akitaka anavua chombo na kwenda zake, jambo ambalo mwenye kambi yake hakuweza. Kwa hiyo tunapendekeza mzizi wa kuzinga: "usawiri mzingo". Neno usawiri limekwisha kukaa katika uhakiki wa fasihi, na lina uaminifu ambao "kujenga upya" hauna. Anayesawiri anakiri kwamba ametazama, akachagua, akachora. Anayesema amejenga upya anadai kwamba kitu kimerudi, tena asiyejua habari atadhani kambi zinajengwa.

Kukiri huku kuna maana kubwa kuliko inavyoonekana. Tuchukue mfano wa nje, gereza la Saydnaya kaskazini ya Damascus, nchini Syria. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International na watafiti wa Forensic Architecture wa London walikutana huko Istanbul na watu watano waliokuwa wamenusurika gereza hilo. Wafungwa wa Saydnaya walifungwa vitambaa machoni, au waliamriwa wajifunike macho mlinzi akiingia, kwa hiyo walilijua jengo kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Watafiti waliwasikilizisha sauti zenye mwangwi wa namna mbalimbali, nao wakachagua ule uliofanana na wa chumba chao au wa ngazi, na kwa mwangwi huo ukubwa wa vyumba ukakadiriwa. Lawrence Abu Hamdan, aliyeshughulikia upande wa sauti, alipima pia jinsi wafungwa walivyonong'ona. Akaona kwamba baada ya maandamano ya mwaka 2011 mnong'ono uliothubutu kutoka kinywani ulikuwa umepungua kwa desibeli 19. Gereza hilo halikufunguliwa mpaka Desemba 2024, serikali ya Assad ilipoanguka. Kwa miaka minane kabla ya hapo, usawiri uliotokana na masikio ya watu ndio uliokuwa mlango wa pekee wa kuingia humo.

Sasa, kazi kama hiyo ikiitwa kwa Kiswahili "picha ya gereza" tumeipunja, kwa sababu asili yake si picha. Na ikiitwa "simulizi za wafungwa" tumeipunja zaidi. Simulizi ni neno jema, lakini linabeba ngano na hekaya katika kapu moja na habari za kweli. Wenye kesi ya London hawakwenda kusimulia, walikwenda kushuhudia. Tunashauri "ushuhuda" utumike kila palipo na mtu aliyeyaona au kuyasikia mambo mwenyewe, na "simulizi" ibaki kwa yaliyopokewa na watoto na wajukuu. Neno "kumbukumbu" nalo limechoka kwa mizigo. Ni kitu kilichomo kichwani, ni faili ofisini, ni maandishi ya mkutano, na bado watu huliandika juu ya jiwe la kaburi. Kichwa cha mradi kisemacho "kuhifadhi kumbukumbu za wafungwa" kinaweza kueleweka kwamba ni kutunza mafaili ya wakuu wa gereza, na katika historia ya Kenya mafaili hayo na vichwa vya watu vilipingana.

Tumefika kwenye neno gumu kuliko yote, nalo ni jina la mtu mwenyewe. Waandishi wengi huandika "mfungwa wa kisiasa" bila kutua. Mfungwa katika matumizi ya mahakama ni mtu aliyehukumiwa. Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa Kapenguria, wakahukumiwa mwaka 1953, wakapelekwa Lokitaung, kwa hiyo wao walikuwa wafungwa, hata kama kesi yao ilikuwa ya aibu. Lakini makumi ya maelfu waliojazwa Manyani, Mageta na Hola hawakupata kuhukumiwa na mtu. Takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha kwamba mwishoni mwa mwaka 1954 walipita 70,000, nao waliwekwa humo kwa amri za Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Kuwaita wafungwa ni kuwapa hakimu ambaye hakuwapo. Kuwaita mahabusu vile vile hakufai, kwa kuwa mahabusu angoja kesi, na hawa hawakuwa na kesi ya kungoja. Kiswahili kimejijibu zamani: watu walisema fulani yuko kizuizini, na hata leo msemo huo haumkosesha mtu. Kinachokosekana ni jina la mtu. Magazeti ya Kenya yameanza kuandika "mzuiliwa", nasi tunaliunga mkono neno hilo, ingawa sikioni bado lina ukakasi wa neno jipya. Mshairi Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu cha kuihoji serikali ya Kenya huru, alipita mahakamani, basi yeye ni mfungwa wa kisiasa kwa maana kamili. Tofauti hiyo isifutwe kwa ajili ya kurahisisha kichwa cha habari.

Kuhusu majina ya kikoloni ya kambi tuna machache. "Kambi ya kazi" ni tafsiri ya neno kwa neno ya jina lililopewa Aguthi na Mweru, na ni tafsiri hatari, kwa sababu kwetu kazi ni heshima. Jina lihifadhiwe ndani ya alama za kunukuu, na maelezo yaseme "kazi za shuruti". Neno "mchujo", ambalo wengine hulitumia kwa yale mahojiano ya kutenganisha watu kwa kadiri walivyodhaniwa kuwa wakaidi, kwa kijana wa leo ni hatua ya mashindano ya mpira au uteuzi wa wagombea. Afadhali kusema "mahojiano ya kuwachambua watu", kisha ielezwe waziwazi kwamba mara nyingi mahojiano hayo yalikuwa ya kipigo.

Tuna lawama moja kwa kazi zenyewe, mbali na maneno. Usawiri wa aina hii ni msafi mno. Kuta zimenyooka, ua wa waya umekaa sawasawa, vumbi halipo. Hola, ambako tarehe 3 Machi 1959 wazuiliwa 11 waliuawa kwa kupigwa, palikuwa na jua kali na majembe, na amri zilizopigiwa kelele. Amri hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa za Kiswahili, kwani ndicho kilichowaunganisha askari wa makabila mbalimbali na watu waliowalinda. Lugha yetu, basi, ilikuwamo kambini, na ilikuwamo upande wa fimbo. Siku itakapotiwa sauti katika usawiri mzingo wa kambi hizo, wasanii wasije wakawapa askari Kiswahili sanifu cha redioni. Wazee waliosikia amri zile wapo wachache, na wengi wao wamepita miaka themanini. Waulizwe sasa maneno yalikuwa yapi, yaandikwe kama walivyoyasikia, pamoja na makosa yake.