Mtoto wa Mwalimu Mrefu

Sema "kikapu cha viazi vikubwa" pale soko la Njoro, na kila mtu atatazama viazi. Sema "kikapu cha viazi kikubwa", macho yote yatahamia kwenye kikapu. Ngeli imefunga maneno yaliyo pamoja na kuyatenga yasiyo pamoja, bila bano hata moja. Lakini sema "mtoto wa mwalimu mrefu". Nani mrefu? Wote wawili ni wa ngeli moja, lugha inanyamaza, na sharti mtu aulize.

Ninapoandika hesabu kwa lugha ya asembli, huyo mtoto wa mwalimu haniondoki akilini.

Wengi hudhani asembli haina hesabu zinazoweza kusomwa kwa njia mbili namna hiyo, kwamba ni amri fupifupi tu, moja kila mstari. Kwa prosesa ni kweli. Ila kabla ya prosesa kuna asembla, programu inayosoma maandishi yetu na kuyageuza kuwa namba za mashine, nayo hesabu inazijua. Ukiiandikia mstari wa kujumlisha, kuzidisha na kusogeza biti, huukokotoa palepale, na kinachoingia kwenye chipu ni jibu peke yake. Chipu haitajua kamwe kwamba palikuwa na hesabu. Uzuri wa kazi hii kwangu uko hapo: mahindi yamekwisha kupukuchuliwa kabla ya mpishi kuamka.

Msimu mmoja wa ngano nilitengeneza kifaa cha kupima unyevu ghalani, kwa chipu ya ATmega328P inayokwenda kwa megahezi 16. Ili kizungumze na kompyuta kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, rejista moja hupewa namba: 16000000 igawanywe kwa zao la 16 na 9600, kisha itolewe 1. Desimali zikiachwa, jibu ni 103. Nami nikaandika kama ulimi ulivyotamka:

16000000/16*9600-1

Skrini ikajaa herufi zisizosomeka. Siku mbili nilikagua nyaya, nikabadilisha hata kebo. Kumbe kugawanya na kuzidisha vina daraja moja, na vya daraja moja husomwa kutoka kushoto. Asembla iligawanya, ikapata 1000000, ikazidisha kwa 9600, ikafika karibu bilioni 9.6. Rejista yenyewe ni ya biti 12, haivuki 4095. Dawa ilikuwa jozi moja ya mabano:

16000000/(16*9600)-1

Shuleni Kenya tulikariri BODMAS. Wenzetu Tanzania wana MAGAZIJUTO, neno tamu zaidi mdomoni, nakiri. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalotaja kusogeza biti, na hapo ndipo waunda asembla walipoachana njia. Chukua 2+1<<3. Asembla ya NASM hujumlisha kwanza, ikapata 3, kisha husogeza biti mara tatu kushoto: 24. Asembla ya GNU husogeza kwanza, 1 ikawa 8, ndipo iongeze 2: 10. Herufi ni zilezile, na hakuna inayolalamika. MACRO-11, asembla ya PDP-11, mashine iliyotoka 1970, haikuweka daraja lolote kati ya kujumlisha na kuzidisha. Ilikwenda kushoto hadi kulia, hivyo kwake 2+3*4 ni 20. Aliyetaka 14 alifunga 3*4 kwa mabano ya pembe, <3*4>. Siioni moja kuwa sahihi na nyingine kukosea. Kila moja imetangaza utaratibu wake, kama kila boma lilivyo na desturi yake ya nani anawe mikono kwanza.

Vijana wanaosoma kompyuta Chuo Kikuu cha Egerton hunipitia jioni, baridi ya Mau ikianza kushuka. Juzi mmoja alinionyesha mstari wake, 2+(1<<3).

"Mwalimu, asembla yangu haihitaji haya mabano," akasema. "Niyatoe?"

Nikamuuliza aliyaweka kwa ajili ya nani. Akafikiri.

"Ya yule atakayeusoma kwa asembla nyingine."

Nilimwambia ayaache. Kisha tukashuka ghalani, nikamwonyesha kifaa changu kikituma namba zake, moja kila dakika, zote zinasomeka.