Inavujia Wapi? Mwongozo wa Kukagua Turubai la Bajaji, Dumila

Bajaji isiyovuja haipo. Anayekuambia ya kwake haivuji, ama aliinunua kiangazi au anataka kukuuzia. Chombo chenye bati jembamba mbele, mabomba mawili matatu juu na turubai la kufunga kwa mikanda hakiwezi kuyashinda maji ya masika yanayoletwa na upepo kutoka kila upande. Ndiyo maana anayezijua bajaji haulizi kama inavuja. Anauliza inavujia wapi. Maji yakishukia nje ya kizingiti, au yakidondokea pasipokaa mtu yakapata njia ya kutoka, aliyeshona anaijua kazi. Yakimshukia dereva shingoni, au yakifika kwenye kofia ya plagi, hata likiwa tone mojamoja, kazi ni mbovu na pesa imepotea.

Dumila ndipo pa kujifunzia hayo. Mji huu wa wilaya ya Kilosa uko kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, pale inapochepuka ile ya Rudewa na Kilosa. Bajaji ya hapa haina maisha laini. Asubuhi inabeba wanafunzi na wagonjwa, mchana inabeba magunia ya vitunguu na matenga ya nyanya kwenda sokoni, na siku nzima inapishana na malori ya Dodoma, Rwanda, Burundi na Kongo. Lori likikanyaga dimbwi, maji yake yanakuja kutoka chini na ubavuni, tena na mchanga ndani. Turubai la juu hapo halina msaada wowote. Halafu kuna mito inayoshuka kutoka milima ya Ukaguru, ambayo hujaa ghafla hata kama hapa mjini ni manyunyu tu. Januari 2014 mto Mkundi ulifurika ukakata barabara kuu pale darajani, magari ya pande zote mbili yakakwama. Siku ya namna hiyo hakuna fundi wala turubai, bajaji inakaa nyumbani. Ninayoyasema hapa ni ya zile siku nyingine za masika na vuli, ambazo kazi lazima ifanyike.

Ukoo wa bajaji ni wa pikipiki. Mwaka 1948 kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa Ape, yaani pikipiki yake ya Vespa iliyoongezewa gurudumu la tatu na sanduku la mizigo, na Bajaj ya India ikaanza kuunda vyombo vya jamii hiyo kwa leseni ya Piaggio. Zinazotembea kwetu leo, Bajaj na TVS, zina injini ya karibu cc 200 iliyokaa nyuma, na chombo kikiwa kitupu hakifiki kilo 400. Wepesi huo ndio faida yake na ndio ugonjwa wake. Kuna Waingereza wanaoununua ugonjwa uleule kwa hiari yao: Lotus Seven, kigari cha mbio alichokitoa Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, mwaka 1957, kina paa la turubai na mapazia ya kubana kwa vifungo, na tangu 1973 kampuni ya Caterham imeendelea kukiunda kwa mtindo huohuo. Nao wanalowa. Ila wao wanaweza kungoja Jumapili yenye jua, wakati dereva wa Dumila anadaiwa hesabu na tajiri wake, kunyeshe kusinyeshe.

Anza na kitambaa. Utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni lile turubai jepesi la plastiki ya kufuma, la bluu au la rangi ya chungwa, ambalo huku tunaanikia mpunga. Liache na mpunga wake, maana likikaa juani juu ya mabomba, muda si mrefu linaanza kupukutika vipande. Ya pili ni ngozi bandia, nyeusi au nyekundu, yenye kitambaa upande wa ndani. Inapendeza sana siku ya kwanza, na madereva vijana wanaipenda kwa sababu inapokea nakshi na maandishi. Lakini ule mgongo wake wa kitambaa unanyonya maji, na nitaurudia kwa sababu ndio unaodanganya watu wengi. Ya tatu ni turubai zito la lori: nyuzi katikati, plastiki juu na chini. Hilo ndilo. Mimi ningechukua hata lililokwisha kazi kwenye lori, mradi vipande vikatwe pasipokuwa na mikunjo, kuliko jipya jembamba la dukani.

Kulipima hakuhitaji chombo. Kunja kona, bana mkunjo kwa kucha, kisha ukunjue. Ukibaki mstari mweupe au ufa mdogo, plastiki imekwisha kukauka na itapasuka kwenye kila bomba. Linyanyue juani, ingia chini yake, tazama juu kwa utulivu. Vitundu vyote vitajionyesha kama nyota. Mwisho angalia ukingo uliokatwa: nyuzi zinapaswa kuwa zimeshikwa na plastiki pande zote mbili, zisichomoke ukizivuta.

Paa likishavikwa, ligonge kwa kiganja katikati ya bomba na bomba. Lililokazwa lina mlio mkavu. Lililolegea linabonyea na kubaki limebonyea, na hapo ndipo bwawa litakapokaa. Mwenye bajaji hulizoea bwawa hilo, akilisukuma kwa mkono kutoka ndani kila akisimama. Siku atakaposhika breki ya ghafla kukwepa mbuzi, maji yote yataenda mbele, yapande ukingo wa kioo na kumwagikia mapajani. Kwa hiyo usikubali kazi kabla hujamimina jagi la maji juu ya paa na kuona yanakwenda wapi. Yanatakiwa yagawanyike, yashuke kushoto na kulia, pasibaki kitu. Fundi anayejali huongeza bomba la tatu lililopinda kidogo, au hupitisha mkanda mpana chini ya turubai kutoka mbele hadi nyuma ili kulibeba. Pia hafungi kila kitu kwa ribiti. Anaacha mikanda yenye bizimu nyuma, kwa sababu turubai likipigwa na jua la Februari litalegea tu, na mwenyewe atahitaji kulivuta tena kabla masika hayajaanza.

Sasa mshono. Hapa ndipo fundi wa maturubai anapoachana na fundi wa nguo. Kila tundu la sindano ni tundu la maji, hakuna namna ya kulikwepa. Kinachobaki ni ujuzi wa kulificha. Kipande cha juu lazima kilalie cha chini, kama mabati ya nyumba yanavyolaliana, ili maji yanaposhuka yapite juu ya mshono bila kuukuta mdomo wake. Ajabu ni kwamba bajaji nyingi zina mshono uliogeuzwa, wa nyuma umelalia wa mbele, kwa sababu fundi alishona vipande mezani bila kufikiri vitakaaje juu. Mwendo wa bajaji unasukuma maji kurudi nyuma, kwa hiyo mshono wa paa unaokatisha kutoka kushoto kwenda kulia unatakiwa ufungukie nyuma. Pitisha kidole kutoka kwenye kioo kuelekea nyuma. Ukucha ukikwama kwenye ukingo, umegeuzwa.

Mshono wenyewe uwe wa kukunja mara mbili, ukingo wa kila kipande ukifichwa ndani ya mwenzake, na nyuzi mbili zikimbie sambamba. Tazama urefu wa hatua za sindano. Zikiwa ndogo mno fundi ametoboa turubai kwa mstari, na litachanika hapohapo siku ya upepo. Zikiwa kubwa mno mshono unafunua mdomo. Uzi nao una tabia zake. Wa pamba ukilowa unavimba na kuziba tundu, lakini unaoza. Wa poliesta hauozi upesi, ila hauvimbi, tundu linabaki wazi. Wengi wanatumia wa poliesta, na wako sahihi, ilimradi wamalizie kazi: mshono usuguliwe nta au mshumaa, upande wa ndani na wa nje, kisha upitishiwe kitu cha moto ili nta iingie. Ukimuona fundi ana kipande cha mshumaa kando ya cherehani na umeme haujakatika, kaa chini, umefika.

Mapazia ya pembeni yana siri moja tu, na nashangaa jinsi inavyosahaulika. Pazia liishie nje ya kizingiti cha sakafu, lishuke chini yake japo upana wa vidole vinne. Likiishia ndani, kila tone lililolipiga nje litateremka nalo moja kwa moja hadi miguuni mwa abiria, na hapo pazia limekuwa mfereji wa kuingiza maji. Pindo la chini lipitishiwe kamba nene au fimbo nyembamba, lisipeperuke. Upande wa kulia, ambao malori yanapishana nasi, pazia liwe la turubai zito hadi usawa wa kiwiko, na plastiki angavu ianzie hapo kwenda juu. Plastiki ya chini huchubuliwa na mchanga wa malori ikawa nyeupe upesi. Tena usiikunje ikiwa na vumbi. Ipigwe maji kwanza. Na leseni ya bajaji ni ya abiria watatu: ukimbana wa nne, goti lake litasukuma pazia nje, na hakuna fundi duniani aliyeshona kwa ajili ya goti hilo.

Nimesema nitaurudia mgongo wa kitambaa. Ngozi bandia ikikatwa na ukingo wake kuachwa wazi, maji yanaingia kwenye ukingo huo, yanatembea ndani ya kitambaa, yanafuata bomba, kisha yanadondoka hatua nzima mbali na yalipoingilia. Mwenye bajaji anaona tone juu ya kiti cha nyuma, anabandika silikoni juu ya kiti cha nyuma, na tone linaendelea. Kutafuta tundu la kweli, kausha ndani kabisa, paka chaki au unga kwenye mishono yote, kisha mtu mmoja amwage maji nje taratibu akianzia chini, apande kidogokidogo, mwingine akae ndani na tochi. Ukianza kumwagia juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua lipi ni lipi. Mstari wa kwanza wa unga uliolowa ndio mlango.

Silikoni, kwa maoni yangu, ni dawa ya mpira wa kioo tu, na hata hapo ni ya muda. Bonyeza mpira huo kwa kidole gumba. Ukirudi, mzima. Ukibaki na alama au ukionyesha nyufa, jua limeumaliza na unatakiwa mpya. Fundi aliyezungusha silikoni kwenye mishono ya turubai anakiri kwamba mishono yake haijitoshelezi. Turubai linacheza, silikoni haichezi nalo, baada ya wiki chache inabanduka kama ganda.

Kufunga kila upenyo nako kuna gharama yake. Abiria watatu waliolowa, mapazia yamefungwa, kioo cha mbele kinapata ukungu kwa ndani na waipa haina la kufanya. Bajaji iliyoshonwa vizuri ina upenyo mdogo wa makusudi nyuma, juu, chini ya ukingo wa paa, pa kutokea joto. Kwa kioo, sugua sabuni ya mche kavu upande wa ndani, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka kiwe safi, ukungu utachelewa.

Sakafu ikague kwa kunyanyua mkeka wa mpira. Wengi hawanyanyui, na chini yake ndiko kutu inakokaa mwaka mzima. Vitundu vya kutolea maji visiwe vimezibwa kwa udongo. Kofia ya plagi na maungio ya koili yapakwe grisi inayofaa kwa umeme, na taa ya mbele isiwe na ukungu ndani.

Barabarani, kumbuka breki zake ni za dramu: ukitoka kwenye maji, endesha polepole huku umezigusa kidogo hadi zikauke, ndipo uziamini. Na kwenye njia za shambani gurudumu la mbele halina njia yake. Magari yamechimba mifereji miwili, wewe una gurudumu la tatu linalopanda mgongo wa katikati, penye nyasi na utelezi. Hapo punguza mwendo, usikate kona ghafla.

Ukienda kwa fundi, mwamkie kwanza kisha umwachie aanze kuuliza. Wa kawaida atakuuliza unataka rangi gani. Mzee mmoja wa huku, kijana akimpa shikamoo na kumwambia anataka turubai, anaitika marahaba kisha anauliza, "Unapaki wapi, mwanangu, chini ya mwembe au juani?" Swali hilo lina thamani kuliko kazi nyingi nilizoona zimekamilika, kwa sababu chini ya mwembe utomvu na majani vinashika maji juu ya paa, na juani turubai linalegea, kila mahali panadai mshono wake na mvuto wake.

Na kama unanunua bajaji ya mkono wa pili, nenda kuikagua mvua ikinyesha. Kaa kiti cha nyuma, mwambie muuzaji aendeshe mpaka darajani na kurudi. Akikuomba usubiri jua litoke, mshukuru, kisha katafute nyingine.