Mkato si Pumzi: Juu ya Kanuni ya Koma katika Kiingereza

Wengi wetu tulipofundishwa Kiingereza shuleni tuliambiwa tutie koma pale msomaji anapovuta pumzi. Kanuni hiyo nyepesi imetuingia hata sisi wa Kiswahili, ambao baadhi yetu huiita alama hii kipumuo. Jina letu lingine, mkato, ni bora zaidi, na kwa bahati njema ndilo lililo karibu na asili: neno la Kiyunani walilolirithi Waingereza lilimaanisha kipande kilichokatwa.

Makala haya yanadai kwamba kanuni ya pumzi haitoshi hata kwa Kiingereza chenyewe. Msemaji aliyetaja kiima kirefu hupumua kabla ya kitenzi. Lakini Kiingereza cha leo hakiruhusu koma moja iwatenge wawili hao, ingawa waandishi wa karne ya 18 waliitia pasipo haya.

Ushahidi mzito zaidi umetoka mahakamani. Sheria ya jimbo la Maine, Marekani, iliwatoa katika malipo ya saa za ziada watu wenye kufanya kazi fulani juu ya vyakula viharibikavyo: kuvitia makoponi, kuvikausha, kuvihifadhi, na kadhalika, hadi mwisho wa orodha uliosema "packing for shipment or distribution". Baada ya "shipment" hapakuwa na koma. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst, ambao walisambaza bila kufungasha, wakadai haki yao. Je, usambazaji ni kazi ya peke yake, au ni kusudi tu la kufungasha? Mwaka 2017 mahakama ya rufani ya shirikisho iliona kwamba maneno hayo yana utata, ikaamua kwa upande wa madereva. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.

Wengi walioisimulia kesi hii waliishia kwenye koma. Nadhani walilipita jambo linalomhusu zaidi mwanaisimu. Madereva walishika pia umbo la maneno: kazi nyingine zote zilikuwa na kiishio -ing, bali "distribution" ni nomino kama "shipment", basi imekaa nayo. Kampuni nayo haikukosa hoja. Ikiwa usambazaji si kazi ya mwisho katika orodha, mbona hakuna "au" kabla ya kufungasha? Tena mwongozo wa uandishi wa sheria wa Maine wenyewe ulishauri koma ya namna hiyo isitiwe.

Tuijaribu kwetu. Tukiandika "kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji", kiambishi u- kinayavuta pamoja maneno mawili ya mwisho. Tukiandika "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza", ku- zote zinafanana na utata unarudi, wala msomaji hauondoi kwa kupumua.

Bunge la Maine halikuongeza koma. Liliiandika upya orodha yote kwa nukta-mkato, na "distribution" likaigeuza kuwa "distributing".