Mapenzi na Vita vya Majirani katika Riwaya za Mau Mau

Riwaya ya mapenzi ya kihistoria huhitaji vita vinavyoigawa nyumba. Kwa msomaji wa Nyeri, Karatina au Nanyuki, vita vya namna hiyo si vya karne za kale. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilizaa vita vya ukombozi dhidi ya Mwingereza. Vijijini, hata hivyo, ilizaa pia vita vya majirani, huyu msituni, ndugu yake ngati, yaani mlinzi wa upande wa serikali. Dedan Kimathi mwenyewe alipokamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, aliyempiga risasi alikuwa askari Mwafrika.

Wahakiki wengi wameyasoma mapenzi katika A Grain of Wheat (1967) ya Ngũgĩ wa Thiong'o kama istiari ya taifa: Mumbi ni nchi, na kurudiana kwake na Gikonyo ni uponyaji wa nchi hiyo. Jina la Mumbi, mama wa kabila katika masimulizi ya Wagikuyu, linaualika usomaji huo. Hata hivyo, msuko wa riwaya unaukataa. Gikonyo, aliyekaa kizuizini miaka sita, anakiri kiapo kwa sababu ya kumtamani mkewe. Karanja naye anajiunga na ngati ili asitengwe na mwanamke huyo huyo. Basi penzi moja ndilo linalozaa usaliti wa pande zote mbili. Halisimami nje ya vita likisubiri kuvitibu. Ni mojawapo ya njia ambazo vita vilipitia kuingia Thabai.

Ndiyo maana onyesho la mwisho hospitalini lisisomwe haraka. Gikonyo anawaza kuchonga kigoda chenye umbo la mwanamke mjamzito, na wahakiki hufurahia kigoda hicho kuliko wanavyomsikiliza Mumbi. Yeye hakubali mambo yapite hivi hivi, anataka yazungumzwe. Isitoshe, mtoto aliyezaa na Karanja yu mgonjwa. Kigoda ni mpango wa mume. Mtoto yupo tayari, na si wa mchongaji.

Tukipanda kaskazini, Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, anachukua njia nyingine katika Carcase for Hounds (1974). Anwani yake inamkumbusha msomaji maneno ya Brutus katika Julius Caesar, tamthilia ya kugawanyika kwa Warumi ambayo Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Jenerali Haraka aliwahi kuwa chifu. Kwa hiyo mpasuko umo ndani ya mtu mmoja. Lakini wanawake karibu hawamo. Upendo pekee wenye uzito ni wa Kimamo, anayemuuguza jenerali wake aliyejeruhiwa pangoni. Kuna uaminifu mkubwa wa kihistoria katika baridi, njaa na matope ya msitu huo. Kuna pia hasara. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, wengi wao wanawake na watoto, nao wanawake ndio waliolazimishwa kulichimba. Handaki hilo lilikusudiwa kuutenga msitu na jiko. Riwaya ya Mwangi inabaki upande wa msitu, na aliyekuwa akipeleka chakula usiku hana jina.