"Ndani Yenu": Ufalme wa Mungu katika Tenzi za Enjili

Watu wawili mashuhuri wa Tanzania wameitunga Enjili kwa umbo la utenzi. Wa kwanza ni Mathias Mnyampala, aliyetoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963. Wa pili ni Julius Nyerere, ambaye tenzi zake za Enjili nne zilitoka mwaka 1996. Wasomaji wengi huzipima kazi hizi kwa vina na mizani, kisha huishia hapo. Walakini liko swali lililo kubwa kuliko vina. Mtunzi anaposimulia habari za ufalme wa Mungu, na za mtu kugeuka moyo ili apate kuuona, Kiswahili kinamwelekeza msikilizaji autafute wapi?

Shida yote imo katika neno moja la Luka, sura ya 17. Mafarisayo wanauliza ufalme utakuja lini, nao wanajibiwa kwamba tayari upo. Na neno la Kiyunani lionyeshalo mahali ulipo laweza kufasiriwa "ndani", au "kati". Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ilichagua "ndani". Habari Njema ikachagua "kati". Wenye kulikataa "ndani" huuliza yawezekanaje ufalme uwe mioyoni mwa watu wale wale waliompinga Yesu. Hoja hiyo ina uzito katika Kiyunani. Katika Kiswahili uzito wake hupungua, kwa kuwa "yenu" ni ya wengi, na "ndani" ya Mswahili si lazima iwe kifua cha mtu mmoja.

Itazamwe nyumba ya kawaida ya Magomeni, kama zilivyojengwa nyingi mjini Dar es Salaam: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wa kupikia na kufulia. Aliyepita mlango wa mbele amekwisha kuwa ndani, wala hajawa peke yake. Kikohozi cha jirani anakisikia, na harufu ya mchuzi wa jirani inamfikia. Mpangaji Mwislamu na mpangaji Mkristo wana ndani moja. Nyerere mwenyewe aliishi mtaa huo katika miaka ya 1950, baada ya kuacha ualimu wa Pugu mwaka 1955, na nyumba yake imehifadhiwa kuwa makumbusho. Si kusema kwamba aliandika akiikumbuka. Ni kusema tu kwamba neno lina maskani yake, na maskani hayo si ya upweke.

Neno la pili ni "toba". Kiyunani husema juu ya kubadili nia. Kiswahili kimechukua neno la Kiarabu ambalo asili yake ni kurejea, nalo limekaa pwani karne nyingi kabla ya wamisionari. Kwa mafundisho ya Kiislamu, aliyedhulumu watu hatimizi toba yake mpaka awarudishie haki yao. Kwa hiyo Mkristo wa Magomeni asikiapo "tubuni", hupokea pamoja na neno hilo deni ambalo pengine Mkristo wa Ulaya halisikii katika neno lake. Hii ni neema ya lugha, na wahakiki wameipita upesi mno.

Luka mwenyewe anathibitisha. Sura mbili tu baada ya swali la Mafarisayo anakuja Zakayo, mtoza ushuru, aliye juu ya mkuyu. Anaitwa, anashuka, anamkaribisha mgeni; kisha anasimama na kutoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kuahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Kugeuka kwake kunahesabika kwa fedha. Na wokovu unatajwa kuwa umeifikia nyumba, si Zakayo peke yake.

Hapa ndipo kazi ya Nyerere inapovuta fikira kuliko ya Mnyampala, ingawa Mnyampala ni mshairi mwenye mkono mwepesi zaidi. Mwaka 1962 Nyerere alianza maelezo yake ya ujamaa kwa kusema kwamba ni jambo la nia ya mtu kwanza. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaweka masharti: kiongozi asiwe na mishahara miwili, wala hisa katika makampuni, wala nyumba ya kupangisha. Huo ulikuwa mtihani wa Zakayo uliofanywa sheria ya chama. Mwaka 1991, huko Zanzibar, chama kiliyalegeza masharti hayo. Miaka mitano baadaye zikatoka tenzi. Wako wanaoziita burudani ya mzee aliyestaafu. Rai hiyo ni nyepesi. Mtu aliyekwisha kuona sharti likiondolewa kwa kikao kimoja ana sababu ya kurudi kwenye habari ambayo ndani yake Zakayo hakulazimishwa na mtu.

Lakini je, umbo linaubeba mzigo huo? Utenzi ni wa kughanwa mbele ya watu: vipande vinne vya mizani minane, vitatu vya kwanza vikilingana kina, cha nne kikifungamana na beti zote. Unamfaa sana Zakayo, kwa kuwa Zakayo ni matendo yanayofuatana. Mfano wa chachu haufai hivyo. Enjili huusema kwa pumzi moja, maana chachu hufanya kazi ikiwa imefichwa. Utenzi hauna budi kuujaza ubeti, na neno la kujazia kina huufukua unga kabla haujaumuka. Mshairi wa Al-Inkishafi, aliyezungumza na moyo wake mwenyewe, alijua kusimama pale ambapo msimulizi hukimbilia tukio lijalo.

Nikodemo naye, aliyekuja usiku kuuliza mtu mzima atazaliwaje tena, anahitaji majibizano kuliko masimulizi. Ngonjera, ambayo Mnyampala aliipa nguvu kwa Ngonjera za UKUTA, ingemtosha: mmoja akiuliza, mwingine akijibu, na wasikilizaji wakiwa ndani ya ua ule ule.