Ugumu wa ateri na hesabu inayofuta dalili yake

Mgonjwa wa presha akifika zahanati ya Korogwe hufungwa mkono, husomewa namba mbili, huandikiwa dawa. Namba hizo hazisemi ateri zake zimekakamaa kiasi gani. Ili kujua hilo, vipimo viwili huwekwa, kimoja shingoni na kingine kinenani, kisha umbali kati yake hugawanywa kwa muda ambao wimbi la mapigo limetumia kusafiri. Kasi ya wimbi ikizidi mita 10 kwa sekunde, ateri huhesabiwa kuwa ngumu. Mashine hiyo ni adimu, kwa hiyo watafiti wamebuni njia ya mkato ya kukadiria kasi kwa kutumia umri na presha peke yake. Naona njia hiyo inafaa kupanga makundi ya watu, lakini haimtoshi mgonjwa mmoja, na sababu imo ndani ya hesabu yenyewe.

Kanuni ya njia hiyo ilitokana na takwimu za vituo 13 katika nchi nane za Ulaya, zilizochapishwa mwaka 2010. Huchukua umri na presha ya wastani, yaani presha ya chini ukiongeza asilimia 40 ya pengo lililopo hadi ile ya juu. Mtu wa miaka 60 mwenye 150/90 ana wastani wa 114, na kanuni humpa takribani mita 10.8 kwa sekunde. Mwenzake wa umri huohuo mwenye 168/78 ana wastani huohuo wa 114, naye hupewa 10.8 ileile. Hapo ndipo penye kasoro. Ateri laini hutanuka moyo unaposukuma damu, kisha hujirudi na kuendelea kuisukuma moyo unapopumzika. Iliyokakamaa haiwezi, ndiyo maana presha ya juu hupanda na ya chini hushuka. Pengo la 90 la mtu wa pili ni dalili ya ugumu wenyewe, na wastani umeifuta.

Upo umri pia. Mzee wa Handeni asiye na cheti cha kuzaliwa hukadiriwa miaka kwa matukio, na kosa la miaka mitano ni la kawaida kabisa. Ukimwandika 65 badala ya 60, presha ileile ya 150/90 inatoa 11.5.

Atakayepinga atataja uchambuzi wa mwaka 2019 wa data za SPRINT, jaribio la Marekani la matibabu ya presha, ambapo makadirio haya yalibashiri vifo na magonjwa ya moyo hata baada ya kuzingatia alama za Framingham za kukadiria hatari ya magonjwa ya moyo. Ushahidi huo ni mzito, nami naukubali. Ila kubashiri nani yuko hatarini katika maelfu ya watu ni kazi tofauti na kupima mshipa wa mtu mmoja, tena katika jamii ambayo haikuwamo kwenye takwimu zilizozaa kanuni.

Uwezo wa kuihakiki kanuni hiyo hapa upo. Kati ya 2014 na 2016 kituo cha Korogwe cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), pamoja na wenzao wa Denmark, kiliwafuatilia wanawake wa Korogwe na Handeni tangu kabla ya kushika mimba, kikichunguza upungufu wa damu na magonjwa ya baadaye ya watoto wao. Kundi la namna hiyo likipimwa kwa mashine, hata sehemu yake tu, tutajua kanuni inakosea kwa kiasi gani na kwa upande upi. Kwa sasa, muuguzi anaweza kuandika pengo la presha kando ya namba mbili. Ni hesabu ya kutoa tu.