Katika Kuzifuata Nasaba za Welisi

Mtu wa pwani yetu, ambako Ali hutambulikana kuwa ni Ali bin Omari bin Hamisi, hahitaji kusherehewa sana desturi ya kale ya Wawelisi, kwani wao nao walimwita mtoto kwa jina la babaye, wakisema ap kwa mwana na ferch kwa binti. Na sheria yao ya zamani, inayonasibishwa na Mfalme Hywel Dda wa karne ya 10, ilimlazimu mtu kuwajua jamaa zake hata wa mbali, maana urithi wa ardhi na diya ya damu iliyomwagwa vyote vilikwenda kwa nasaba. Washairi ndio waliokuwa wahifadhi wake, na mmoja wao, Lewys Dwnn, alipewa idhini mwaka 1586 azunguke nchi nzima akiandika nasaba za wenye milki.

Desturi hiyo ilipofifia, kwanza kwa wakubwa katika karne ya 16, kisha, polepole mno, kwa wakulima wa milimani hata mwanzoni mwa karne ya 19, majina ya mababa yakathibiti kuwa ya ukoo: ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ab Owain akawa Bowen, na wana wa kina John, wasio na idadi, wakawa Jones. Hapo ndipo penye taabu ya kazi hii, na kwangu mimi ndipo penye fahari yake, kwa sababu jina peke yake halimfikishi mtu popote.

Basi anayeanza na aanze kwa wazee walio hai, awaulize marehemu alikaa shamba gani, alisali wapi, kazikwa wapi. Kisha ndipo afungue usajili wa serikali ulioanza Julai 1837, ambamo cheti cha ndoa humtaja baba wa kila upande na kazi yake, na sensa ya 1851, iliyoandika parokia aliyozaliwa kila mtu. Daftari za parokia ziliamriwa tangu 1538, lakini nyingi za mwanzo zimepotea. Tena Wawelisi wengi walikuwa Wamethodisti, Wabaptisti au wa madhehebu mengine yaliyojitenga na kanisa la serikali, na ubatizo wao sharti utafutwe kwingine.

Namstahi kuliko wote yule mtafiti ambaye, akiwakuta kina Evan Thomas wawili waliobatizwa parokia moja kwa miaka iliyokaribiana, hamchagui ampendaye, bali huiacha nafasi tupu, akaenda Aberystwyth, katika Maktaba ya Taifa iliyoasisiwa 1907, zilikohifadhiwa wasia zilizothibitishwa na mahakama za kanisa kabla ya 1858. Humo mkulima, akimgawia huyu ng'ombe na yule kitanda, huwataja wanawe, wakweze na wajukuu, na shamba alilokaa kila mmoja wao.